Wasomaji Wanauliza: Upasuaji wa mgongo, lini ufanyike na lini usubiri

Tangu toleo lililopita liguse kwa ufupi maumivu ya kiuno, barua zilizofika kwenye safu hii zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa namna nyingi: je, nikubali kupasuliwa? Nimechagua saba. Sikuzipanga kwa jinsi zilivyofika, kwa kuwa ya kwanza haikustahili kungoja zamu yake. Aliyeiandika alijibiwa kwa simu siku ileile, na hapa ninaichapisha kwa faida ya wengine.

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 44. Kiuno kimenisumbua kwa miezi mingi, lakini tangu juzi miguu yote miwili inawaka moto, nikikaa sikihisi vizuri kiti ninachokalia, na haja ndogo inatoka kwa taabu. Miadi yangu ya kliniki ni baada ya wiki mbili. Nitumie dawa gani ya maumivu hadi siku hiyo?

Jibu: Hakuna dawa ya kungojea miadi hiyo, hospitali ni leo, hata kama ni usiku. Ugwe mgongo, yaani kamba nene ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mizizi ya neva hushuka pamoja kama singa za mkia wa farasi, nayo ndiyo inayoongoza kibofu, haja kubwa, nguvu za tendo la ndoa na hisia za sehemu ya mwili inayokaa kwenye tandiko. Kipande kikubwa cha diski, yaani ile sahani laini iliyo kati ya pingili mbili, kikiibana mizizi hiyo yote kwa pamoja, hujitokeza dalili hizi hizi ulizoziandika. Hospitalini utapimwa hisia za makalioni na nguvu za miguu, kibofu kitaangaliwa kwa ultrasaundi baada ya kukojoa ili kujua mkojo uliobaki ndani ni kiasi gani, kisha utafanyiwa MRI, yaani picha ya sumaku inayoonyesha neva na diski, bila kuahirisha. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2000, uliokusanya taarifa za wagonjwa 322, ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze walirudiwa na hisia, nguvu na udhibiti wa choo vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Saa 48 hizo si ruhusa ya kungoja hadi saa ya 47.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 38. Ni wiki ya saba sasa ninaumwa kuanzia tako la kushoto hadi kwenye unyayo. MRI imeonyesha kuwa diski iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu ulio chini yake imechomoka na kubana neva. Daktari mmoja anataka kunipasua wiki ijayo. Mwingine anasema nisubiri. Yupi yuko sahihi, na upasuaji wenyewe unafanywaje?

Jibu: Marahaba. Wote wawili wako sahihi, na nitakueleza ni kwa nini jambo hilo linawezekana.

Diski ni kifaa cha kupunguza mshindo kilichokaa kati ya pingili mbili. Katikati ina kiini laini chenye maji mengi, na pembeni imezungushiwa pete ngumu ya nyuzi. Pete ikichanika, kiini huweza kupenya hadi kwenye mfereji wa mgongo na kuugusa mzizi wa neva. Kabla ya mwaka 1934, madaktari waliokutana na vipande hivyo chumbani mwa upasuaji walidhani ni uvimbe wa gegedu. Ni William Mixter na Joseph Barr wa Boston walioeleza mwaka huo kwamba ni diski iliyopasuka, na kwamba ndiyo chanzo cha maumivu yanayoshuka mguuni. Kubanwa peke yake hakutoshi kueleza maumivu hayo, kwa sababu kiini kikitoka nje ya makao yake huamsha pia uvimbe wa kikemikali unaoichoma neva.

Uvimbe huohuo, hata hivyo, ndio unaowaita walinzi wa mwili waje kukila kile kipande. Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kipande kilichokatika kabisa na kuzagaa ndani ya mfereji, ambacho pichani hutisha zaidi, ndicho kinachoyeyuka mara nyingi zaidi kuliko diski iliyovimba tu bila kupasuka. Kwa hiyo kusubiri, kwa mgonjwa anayefuatiliwa, ni tiba na si kutelekezwa.

Sasa tuone utafiti unasemaje. Huko Uholanzi wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12, sawasawa na wewe, waligawanywa kwa kura: kundi moja lipasuliwe mapema, jingine litibiwe kwa dawa na ushauri, na lipasuliwe baadaye ikilazimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa, kwa wastani baada ya wiki 18.7. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka mmoja ulipotimia asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Upasuaji, basi, ulinunua muda; mwisho wa safari ulikuwa mmoja.

Huko Marekani utafiti mkubwa uitwao SPORT, uliotolewa mwaka 2006, uliwagawanya kwa kura wagonjwa 501 katika vituo 13. Wagonjwa hawakuzitii kura hizo. Ndani ya miezi mitatu ni nusu tu ya waliopangiwa upasuaji waliokuwa wameupata, ilhali asilimia 30 ya waliopangiwa tiba bila kisu walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Ukihesabu kwa kura iliyopigwa, tofauti kati ya makundi ni ndogo. Ukihesabu kwa tiba aliyoipata mtu kweli, upasuaji unaonekana kushinda kwa mbali. Tangu hapo kila upande umekuwa ukichukua hesabu inayoupendeza. Maoni yangu ni kwamba wagonjwa wenyewe walitoa jibu kwa miguu yao, kwa kuwa aliyezidiwa alikwenda kupasuliwa na aliyeanza kupata nafuu alikataa, na wengi wao walichagua kwa busara.

Kusubiri nako kuna mpaka. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada waliripoti juu ya wagonjwa 128 ambao mguu ulikuwa umewauma kwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita, maumivu ya mguu kwa waliopangiwa upasuaji yalikuwa 2.8 kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kwa wenzao 5.2. Ninachokushauri ni hiki: ikiwa nguvu za mguu hazipungui, unaweza kulala, na wiki hii ni afadhali kuliko iliyopita, una haki ya kusubiri wiki kadhaa zaidi. Ikiwa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu wa kushoto kama unavyosimama kwa wa kulia, au udhaifu unaongezeka, au maumivu yamekataa kila dawa, usiifanye subira kuwa mashindano.

Na upasuaji wenyewe, kwa kuwa umeuliza kama fundi, nitakujibu kama kwa fundi. Utapewa dawa ya usingizi, kisha utalazwa kifudifudi juu ya fremu inayoacha tumbo lining'inie. Hilo si suala la starehe: tumbo likibanwa, damu hurudi nyuma na kujaza vena za ndani ya mfereji wa mgongo, na mpasuaji hufanya kazi ndani ya dimbwi. Sindano huwekwa na picha ya eksirei kupigwa ili kuhakikisha kiwango cha pingili. Ngozi hukatwa sentimita 2 hadi 3, msuli husogezwa pembeni, na hadubini huletwa. Kati ya paa la pingili moja na la nyingine kuna kano ya rangi ya manjano. Hufunguliwa, na ukingo wa mfupa hung'atwa kidogo kwa koleo maalumu. Hapo mzizi wa neva huonekana, aghalabu umevimba na kuwa mwekundu, umejinyoosha juu ya kipande kama kamba juu ya jiwe. Husogezwa taratibu kuelekea katikati, kipande huvutwa, na neva hulegea mbele ya macho yako. Hatari kubwa ziko mbili upande wa kina: utando unaofunika mizizi unaweza kuchanika na kuvujisha maji, jambo linaloshonwa au kuzibwa papo hapo, na koleo likipitiliza mbele ya diski, kuna mishipa mikubwa ya damu ya tumboni. Ndiyo maana mpasuaji makini hupima kina kila anapoingiza chombo.

Utasikia pia habari za njia ya mrija mwembamba na ya endoskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa mwilini. Kovu dogo linavutia, lakini utafiti wa Kiholanzi wa mwaka 2009 wenye wagonjwa 328 ulionyesha kwamba njia ya mrija haikuwa bora kuliko hadubini ya kawaida, na kwa maumivu ilikuwa nyuma kidogo. Endoskopi ilifanya vizuri zaidi: mwaka 2022, kwa wagonjwa 613, ilithibitika kuwa haipungui ubora ikilinganishwa na upasuaji wa hadubini. Usichague njia, chagua mkono uliozoea njia yake.

Swali: Ripoti ya MRI inasema diski zangu tatu za chini zimekauka na moja imevimba. Miguu haina shida, ila kiuno kinauma tangu miaka miwili. Nimesikia pingili zinaweza kuunganishwa kwa vyuma, maumivu yakaisha. Nina miaka 51.

Jibu: Ndugu yangu, ripoti hiyo inaweza kuwa maelezo ya umri wako tu. Mwaka 1994 watafiti waliwapiga MRI watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja, na ni asilimia 36 tu ambao diski zao zote zilikuwa sawa. Uchambuzi wa mwaka 2015, uliokusanya watu 3,110 wasio na maumivu, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Neno «kuchakaa» katika ripoti, kwa hiyo, lisomwe kama mvi zinavyosomwa kichwani.

Kuhusu kuunganisha pingili kwa maumivu ya kiuno pekee, mengi hutegemea unalinganisha na nini. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2001, wenye wagonjwa 294, uliupa upasuaji ushindi. Lakini waliolinganishwa nao walipewa fiziotherapia ya kawaida, ambayo wengi walikuwa wamekwisha kuijaribu bila mafanikio. Mwaka 2005 Waingereza walichukua wagonjwa 349 na kuulinganisha upasuaji na programu nzito ya mazoezi na mafunzo ya kukabiliana na maumivu, takriban saa 75 katika wiki tatu. Tofauti ikawa ndogo mno. Kabla ya kuulizia vyuma, uliza kama umewahi kupata mazoezi ya kiwango hicho. Kama unavuta sigara, jambo hilo pia liwe mezani, kwa kuwa nikotini huzuia mfupa kushikana na skrubu huishia kulegea ndani ya mfupa usiounga.

Swali: Mwanangu daktari, nina miaka 68. Nikitembea dakika tano miguu inakuwa mizito na kufa ganzi hadi nikae. Lakini nikiegemea kigari cha kusukuma naweza kwenda mbali bila shida. Nimeambiwa mfereji wa mgongo umesinyaa, pingili ya nne imeteleza kidogo mbele ya ya tano, na lazima niwekewe skrubu. Je, skrubu ni lazima?

Jibu: Shikamoo mama. Umeeleza ugonjwa wako vizuri kuliko ripoti nyingi. Mtu akiinama mbele, kano ya manjano hunyooka na mfereji hupanuka, neva zikapata nafasi. Akisimama wima, kano hujikunja ndani na kuzibana. Kigari hukuinamisha, ndiyo siri yake. Jambo moja tu waombe waliangalie kabla ya mengine: mapigo ya damu ya miguuni. Mishipa ya damu iliyoziba nayo humsimamisha mtu njiani, ila mwenye tatizo hilo hupata nafuu kwa kusimama tu, bila kukaa wala kuinama, na kuendesha baiskeli humsumbua vilevile.

Ikiwa mazoezi na dawa vimeshindwa, kupanua mfereji ni upasuaji wenye faida inayoonekana. Mpasuaji huondoa sehemu ya paa la mfupa na kano iliyonenepa, na siku hizi wengi huingilia upande mmoja na kusafisha pande zote mbili, ili viungo vidogo vya nyuma na kano za katikati vibaki vikishika pingili. Mjadala uko kwenye skrubu. Kwa miaka mingi wapasuaji waliamini kwamba pingili iliyoteleza ikipanuliwa bila kuunganishwa itazidi kuteleza, na imani hiyo ilikuwa na mantiki. Kisha tafiti mbili za kura zikatoka pamoja mwaka 2016. Wasweden, kwa wagonjwa 247 wa miaka 50 hadi 80 wakiwamo 135 wenye pingili iliyoteleza, hawakuona faida ya kuunganisha, si baada ya miaka miwili wala mitano. Walichoona ni kwamba waliounganishwa walilala hospitalini siku 7.4 kwa wastani, na wengine 4.1. Wamarekani, kwa wagonjwa 66 tu, waliona faida ndogo ya kuunganisha katika kipimo cha afya ya mwili, na waliorudishwa chumba cha upasuaji walikuwa asilimia 14 ya waliounganishwa dhidi ya 34 ya waliopanuliwa tu. Mwaka 2021 Wanorwe wakaleta wagonjwa 267, wote wenye pingili iliyoteleza kama wewe: asilimia 71.4 ya waliopanuliwa tu walipata nafuu ya maana, na asilimia 72.9 ya waliounganishwa. Tofauti hiyo haitoshi kumbebesha mama wa miaka 68 vyuma, damu zaidi na saa zaidi za usingizi wa dawa.

Hata hivyo neno «lazima» lina mahali pake. Waombe wakupige eksirei ukiwa umesimama, umeinama na umejinyoosha nyuma. Pingili ikionekana inacheza sana kati ya picha na picha, au kama kuteleza kwenyewe ni kukubwa, au kama kuipanua kutahitaji kuondoa viungo vya nyuma karibu vyote, hapo ningeelewa anayetaka skrubu. Ikiwa haichezi, mwulize kwa adabu: «Mwanangu, ungenipanulia tu, ungehofia nini?» Jibu lake litakuonyesha kama amekufikiria wewe au amefuata mazoea.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni daktari ninayeanza mafunzo ya upasuaji wa mifupa. Ninaogopa mambo mawili: kupasua pingili isiyo yenyewe, na kuweka skrubu ndani ya mfereji. Wakubwa wanafanyaje wasikosee?

Jibu: Marahaba, na woga huo usikuondoke. Wakubwa hukosea pia. Tofauti ni kwamba aliyekomaa hahesabu kwa kichwa. Wapo watu wenye pingili nne za kiuno zinazoonekana, na wapo wenye sita, kwa sababu pingili ya mpito imeungana nusu na sakramu au sakramu imeachia moja. Ukihesabu kutoka chini kwenye eksirei ya chumba cha upasuaji huku aliyesoma MRI alihesabu kutoka juu, nyote mtakuwa mmehesabu sawa na bado mgonjwa atapasuliwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo amueni mapema, kwa maandishi, mnahesabu kutokea wapi, na picha zote mbili ziwe ukutani. Kifuani ni pagumu zaidi, kwani mabega huficha pingili za juu na mbavu hufanana. Huko hesabu mbavu na sakramu pia, na ukiwa na shaka omba MRI ya mgongo mzima ifanywe kabla. Piga eksirei mara mbili: kabla ya kukata ngozi, na tena chombo kikiwa kimegusa mfupa wenyewe. Picha ya pili ndiyo wengi huiruka wakiwa na haraka, nayo ndiyo inayookoa.

Skrubu za pedikeli, zile zinazopita kwenye shina fupi linalounganisha mwili wa pingili na paa lake, zilienezwa na Mfaransa Raymond Roy-Camille kuanzia miaka ya 1960. Pedikeli ni bomba: katikati laini, kuta ngumu. Tafuta mlango wake kwa alama za mfupa, si kwa bahati. Ondoa ganda la juu, kisha sukuma kijiti butu ukikizungusha, ukiruhusu sehemu laini ikuongoze. Mfupa ukikataa, simama. Kinachokataa ni ukuta. Kisha ingiza kipimio chenye kichwa cha duara na papasa kuta nne na sakafu, moja baada ya nyingine. Ukuta wa ndani ndio unaopakana na ugwe, na wa chini unapakana na mzizi wa neva. Ukihisi shimo, badili njia kabla skrubu haijaingia, kwa kuwa skrubu haitakusimulia lolote. Baada ya hapo kuna eksirei, kuna kuipitishia skrubu umeme mdogo na kuangalia kama msuli unaitika, na penye uwezo kuna ramani ya kompyuta na roboti. Vifaa hivyo huongeza usahihi wa skrubu. Kwamba vinampa mgonjwa mgongo bora kuliko mkono uliofundishwa vizuri, sijashawishika. Jifunze kwa vidole kwanza, ili siku kompyuta ikipoteza alama zake ujue kwamba imepotea.

Mgongo uliopinda ukinyooshwa, ugwe unaweza kuumia bila wewe kuona lolote. Siku hizi mawimbi ya umeme hutumwa kutoka kichwani hadi kwenye misuli ya miguu wakati wote wa kazi, na yakishuka ghafla kila mtu husimama: shinikizo la damu huinuliwa, mvuto hulegezwa, skrubu ya mwisho huangaliwa. Mahali pasipo mashine hiyo bado kuna njia iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1973 na kina Vauzelle na Stagnara: mgonjwa hupunguziwa usingizi katikati ya upasuaji na kuambiwa achezeshe vidole vya mikono, kisha vya miguu. Inatisha kuisoma, lakini mgonjwa aliyeelezwa jana yake hutii na kwa kawaida hakumbuki kitu. Mambo madogo usiyadharau: antibiotiki ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, asidi ya traneksamiki kupunguza damu inayopotea katika kazi ndefu, na macho ya mgonjwa aliyelala kifudifudi yakaguliwe yasibanwe na mto.

Swali: Mama yangu mwenye miaka 79 amevunjika pingili kwa sababu ya mifupa kuwa dhaifu. Nimeomba adungwe saruji ya mifupa, daktari akakataa. Kwa nini anamnyima nafuu?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Kudunga saruji kwenye pingili kulianza Ufaransa mwaka 1984, na kwa zaidi ya miaka ishirini kulisifiwa sana, kwa sababu wagonjwa waliinuka kitandani wakitabasamu. Mwaka 2009 zikatoka tafiti mbili, moja ya Australia yenye wagonjwa 78 na nyingine ya kimataifa yenye 131, zilizofanya jambo ambalo watu waliliona la ajabu: nusu ya wagonjwa walifanyiwa upasuaji wa kuigiza. Walilazwa, wakachomwa ganzi, wakaguswa mgongo, na saruji ikafunguliwa chumbani ili harufu yake ienee, lakini haikudungwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Mfupa uliovunjika ulikuwa unajiunga wenyewe, na tumaini lilikuwa linafanya sehemu yake.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa Australia, uliochukua wagonjwa 120 wenye maumivu makali waliovunjika chini ya wiki sita tu, uliona faida. Mwaka 2018 Waholanzi, kwa wagonjwa 180, hawakuiona. Kwa hiyo daktari anayekataa ana msingi, na hata anayemkubalia mgonjwa aliyeshindwa kabisa kuinuka katika wiki za mwanzo hajafanya kioja. Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni kwamba hukutaja dawa ya kuimarisha mifupa. Pingili moja ikivunjika kwa udhaifu, nyingine ziko foleni. Uliza juu ya hilo kabla hujaulizia saruji tena.

Swali: Diski ikitolewa, lile shimo linajazwa na nini?

Jibu: Halijazwi na kitu. Mpasuaji huondoa kipande kilichotoka na vibaki vilivyolegea tu. Sehemu kubwa ya diski hubaki mahali pake, na tundu la pete ya nyuzi hujizibia kwa kovu lisilo imara kama pete ya asili. Ndiyo sababu diski huchomoka tena kwa wagonjwa kati ya 5 na 15 katika kila 100, hasa tundu likiwa pana. Vimebuniwa vizibo vya kulifunga, na katika utafiti wa kura vilipunguza kuchomoka upya, ila mifupa iliyo jirani ikaonekana kuliwa zaidi pichani. Wiki chache za mwanzo, usibebe mzigo ukiwa umeinama na kujipinda kwa pamoja. Kutembea, anza siku hiyohiyo.